Njiti za Mwalimu Salma

Tangu Jumanne akili yangu inakataa. Nimeambiwa, nimekwenda kwake Boko, nimeona jeneza likitoka mlangoni, na bado simu ikilia nadhani ni yeye.

Nyie mnaonifuata humu wengi mmepita mikononi mwetu, mnamjua. Mwalimu Salma, shoga yangu tangu tuna miaka ishirini. Yeye mtu wa Lindi, mimi nimeshuka kutoka Upareni na sanduku la bati.

Tulipangiwa shule moja Kinondoni, Mwingereza bado anatawala, Kinondoni yenyewe minazi na njia za mchanga. Tukapewa hesabu ya darasa la nne, watoto arobaini.

Darasa la nne ndilo lilikuwa na mtihani wa kuchuja. Ukikushinda, shule yako imeishia hapo.

Hesabu ya wakati ule ilikuwa kuimba jedwali na kuchapwa. Salma hakuridhika. Aliona watoto wanagawana maembe bila kukosea hata moja, wakifika ubaoni wanaganda.

Akachukua njiti za makuti, zile za kutengenezea fagio, akazifunga kumi kumi kwa uzi. Mtoto akitaka kutoa ishirini na saba kwenye hamsini na mbili, anafungua fungu moja na kuona kwa macho yake ile kumi imetoka wapi.

Lakini hakutaka kusema tu kwamba njiti zinafaa. Alitaka kuwa na hakika. Nyie siku hizi mnaita research, mna kompyuta na semina. Yeye alikuwa na daftari na rula.

"Anitha, tuligawe darasa," akaniambia. "Ishirini wangu watumie njiti, ishirini wako waimbe kama kawaida. Mwezi mmoja kabla ya mtihani tunawapima."

"Na wangu wakishindwa?"

"Si ndio tutakuwa tumejua? Hapo tunawapa wote njiti, muda bado upo. Na mie daftari nampelekea Mkaguzi wa shule mwenyewe, shule zote zibadilishe. Ila ukiwaonyesha wako njiti hata moja, umeniharibia."

Nikaapa.

Tatizo langu lilikuwa huyo Mkaguzi. Mzungu yule alikuwa anakuja na gari bila taarifa, anasimama nyuma ya darasa na kumnyooshea kidole mtoto yeyote. Mwalimu wa shule ya jirani aliondolewa kazini kwa sababu watoto wake walimtumbulia macho tu.

Kila nikisikia gari barabarani nachungulia dirishani. Upande wa Salma watoto wanajibu huku wanacheka. Upande wangu wanaimba vizuri sana, na hawajui wanachoimba.

Siku moja Zaituni, binti mdogo wa upande wangu, alisimama ubaoni mbele ya hesabu ya kutoa akajikojolea kwa hofu. Nilimtazama nikajiona mimi mbele ya Mkaguzi.

Mapumziko nikamwita stoo. Nikafungua ufagio wa darasa, nikafunga njiti kumi kumi, nikamwonyesha. Dakika chache tu, akaelewa.

Kesho yake nikawaita watano. Wiki haikuisha, wote ishirini walikuwa wamepita stoo, na niliwakataza wasimwambie Mwalimu Salma.

Siku moja Salma aliushika ule ufagio akaugeuzageuza. "Mbona umekonda hivi?" Nikasema watoto wanachokolea meno. Akacheka, akaurudisha pembeni.

Siku ya kuwapima ikafika. Alisahihisha mwenyewe, akapiga mstari katikati ya ukurasa, wake huku, wangu kule. Safu zote mbili zikalingana.

Mwalimu Mkuu alitupongeza kwa furaha kubwa, darasa zima limefaulu. Salma alilifunga daftari lake. Baadaye akaniambia, "Kumbe nilikuwa najidanganya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Niliogopa. Niliona atanichukia, ataniripoti, nitarudishwa Upareni na sanduku langu. Nikamwambia pole.

Alizifungua njiti zake zote akatengeneza ufagio mpya wa darasa. Mwaka uliofuata alirudi kwenye kuimba jedwali, na kiboko mkononi. Nyie mliochapwa naye, mnaomtania humu kwa viboko vyake, mkono ule niliupa mimi kiboko.

Miaka mingi baadaye vijana wa chuo cha ualimu walikuja na habari za kufundishia kwa vitu. Salma akawaambia, "Wanangu, hiyo nilishaijaribu, haina tofauti." Nilikuwa kiti cha pili, nakunywa chai. Nikaendelea kunywa.

Wiki mbili zilizopita nilipanda bajaji kutoka Bunju kwenda kwake, nimejipanga kumwambia. Akaniuliza habari za magoti yangu. Tukaongea magoti mpaka jioni, nikarudi na siri yangu moyoni.

Sasa binti yake Mwanaidi amelikuta daftari. Anataka Jumapili kwenye hitma nisimame niwasomee watu ukurasa wa mwisho, pale mama yake alipoandika kwamba njiti hazikuongeza kitu. Anasema unaonyesha mama alivyokuwa mkweli.

Mwanaidi mwanangu, ukurasa huo mama yako aliuandika kwa ukweli, lakini mimi nilikuwa nimemdanganya. Nitasimama, ila nitasema haya niliyoandika hapa. Naandika leo kwa sababu najijua, Jumapili naweza kuogopa tena, na nyie mkishasoma sitakuwa na pa kujificha.

Salma, njiti zako zilifaa. Watoto wako walijua na wangu walijua kwa sababu wote arobaini walizitumia. Uliuliza swali zuri, mimi nikaliharibu jibu, kisha nikakaa kando yako maisha yote nakuangalia ukiamini umekosea.

Nilimwogopa Mkaguzi, nikakuogopa wewe, na sasa karibu tisini naogopa kukufuata.

Lala kwa utulivu, shoga. Nikifika huko, nipe salamu kwanza kabla hujaniuliza.