Shafti ya Kisima na Salamu za Mlangoni

Miaka ya tisini nilikuwa na karakana ndogo Bondeni, na ndani yake mashine moja kuukuu ya kukereza vyuma, ambayo kisu chake nilikisogeza kwa gurudumu la mkono. Mke wangu alikuwa na mimba iliyoingia mwezi wake. Alishaamua kujifungulia kwa mkunga wa mtaani kwetu, mwenye nyumba ya uzazi na kisima. Basi shafti ya pampu ya kisima kile, ile nondo inayoizungusha, ikakatika.

Maji yale yana chumvi, na chuma cha kawaida kingeliwa mara moja. Mkunga akanitafutia kipande cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa wauza vyuma chakavu wa Mbaraki, kipande kimoja tu, nimkerezee shafti mpya. Bila maji hakuweza kupokea mzazi yeyote. Nikamshauri mke wangu tutafute kwingine.

"Huyo ndiye alomzalisha mamangu," akanijibu. "Mimi sendi kwengine."

Nikafunga kisu cha kabaidi, kigumu lakini chepesi kumegeka, na kuiendesha mashine mbio, kama nilivyozoea kwa chuma laini. Kisu kikapiga kelele, ncha ikamegeka. Nikafunga kingine, nacho kikamegeka. Niliitupa kofia chini na kuitukana stenlesi mpaka mke wangu, aliyeniletea chai, akaniambia niombe radhi.

Nilipotulia niliona pete zinazong'aa kwenye chuma, na hapo ndipo visu vilipokuwa vikishindwa. Stenlesi ukiisugua bila kuikata inazidi kuwa ngumu. Na nani aliyekuwa akiisugua? Mimi! Kila mpita njia alinisalimu mlangoni, nami nikaliacha gurudumu ili niitikie kama mtu aliyelelewa, huku kisu kimeegemea chuma kinachozunguka. Pete hii ni ya mwalimu wa chuo, ile ya muuza kahawa, na ile pana ni ya jirani ambaye salamu zake hazimaliziki mpaka amuulizie na paka.

Unene uliobaki ulitosha mkato mmoja tu. Safari hii nilichagua kisu cha chuma kigumu, si kabaidi, kwa kuwa hicho naweza kukinoa kikawa kikali kama wembe. Nikapunguza mwendo wa mashine, nikafungulia maji ya kupozea kwa wingi, nikakizamisha kisu chini ya lile gamba gumu la zile pete. Kilichobaki ni mkono usisite mpaka mwisho.

Mke wangu akavuta kigoda, akakaa mlangoni.

"Salamu nipani mimi," nilimsikia akiwaambia watu. "Yule leo hana mdomo, ana mikono tu."

Chuma kikatoka kama utepe mrefu, bila kelele. Kisu kikatokea upande wa pili. Nikazima mashine, nikageuka nimwonyeshe. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, jasho linamtoka, kanga imelowa.

Nilimfikisha kwa mkunga, kisha nikaifunga shafti kwenye pampu mwenyewe. Maji yalipanda kabla ya magharibi, na binti yetu akazaliwa baada ya isha.

Niliporuhusiwa kuingia nilimuuliza uchungu ulimwanza lini.

"Ulipoanza kukata."

"Na mbona hukuniita?"

Akacheka kwa uchovu, mtoto kifuani. "Ngalikwita, ungaliitika."