Nishani za Askari Wazee

Mume wangu alikuwa fundi cherehani mjini Korogwe, kwenye baraza ya duka moja karibu na stesheni. Muda mfupi baada ya Uhuru, mjane mmoja kutoka Ngombezi alimletea koti zito la marehemu mumewe, likatwe suruali ya mjukuu. Kifuani lilikuwa na nishani ya fedha, yenye kichwa cha mfalme wa Kiingereza. Mume wangu akaifumua, akampa.

"Kaa nayo, fundi," mjane alisema. "Alipigana vita vya watu, akarudi na mguu mmoja, wakampa hicho kidude. Mimi siioni kazi yake."

Ndivyo alivyoanza. Siku hizo walikuwapo bado wazee waliokuwa askari wa Mwingereza katika vita vyake na Mjerumani, na wapagazi waliowabebea mizigo. Siku asizokuwa na kazi alipanda baiskeli kuwatafuta, mara Mkumbara, mara ndani huko Handeni kwa Wazigua wenzetu. Aliwashonea kanzu au shati, nao wakampa nishani zao. Alikuwa akishindana na sonara Mhindi wa mjini, ambaye alizinunua za fedha na kuziyeyusha kutengeneza bangili. Za shaba, za wapagazi, sonara hakuzitaka. Ndizo zilizojaa nyumbani kwetu.

Alizibana kwa pini kwenye kipande cha kaniki. Jioni alinisimulia: mwenye hii alivuka Rufiji akiwa na homa, mwenye ile alimzika nduguye porini bila sanda. Alitamani pajengwe mahali pa kuzihifadhi, vijana wazione. Akaenda ofisi ya wilaya kuuliza. Aliyempokea alizitazama kidogo tu.

"Ndugu, wafalme hawa tumewaondoa juzi. Unataka tuwarudishe ukutani?"

Baadaye vitambaa viliadimika, cherehani ikakaa bure. Ndipo ikaja amri kwamba watu wa Handeni wahamie vijiji vya ujamaa, tukaenda kumsaidia mama mkwe kuhama. Hatukurudi Korogwe tena. Tulipewa kiwanja kwenye uwanda mkavu, maji mbali. Mvua ikagoma. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kuvimba miguu kwa njaa.

Nikamwambia, "Fundi, hizo za fedha zipeleke kwa sonara."

"Si zangu. Wenyewe walinipa niwatunzie."

Mtoto alipozidiwa, alizifunga kwenye kitambaa akaondoka bila kuniaga. Alirudi kesho yake nazo zote. Duka lilikuwa limefungwa; sonara alikwisha kuondoka nchini na jamaa zake. Mtoto tukamzika kabla mvua haijanyesha.

Baada ya msiba akaamua kuwarudishia wenyewe. Lakini alikokwenda alikuta mahame matupu, mibono imeota penye nyumba. Watu walikuwa wamepelekwa kijiji hiki na kile, na wazee wengi hawakuistahimili safari. Alimpata binti wa mpagazi mmoja tu, akiwa kwenye foleni ya mahindi ya serikali. Akamwonyesha nishani ya baba yake.

Yule mama hakunyoosha mkono. "Baba alikufa mwezi tuliohama," alisema. "Ungeniletea unga, ndugu yangu, ningekushukuru."

Mume wangu alinisimulia hayo akiwa amekaa mlangoni, viatu bado miguuni. Nilimpa maji, hakuyanywa. Tangu siku hiyo sikumsikia akimtaja askari yeyote. Alilima mihogo pamoja na wenzake, akazeeka kabla ya wakati wake, akafa.

Nishani ninazo mimi. Mchwa walikula kaniki na tepe, vikabaki vyuma. Mjukuu mmoja aliwahi kuniuliza ipi ilikuwa ya nani. Nilizigeuza moja moja mkononi, nikijaribu kukumbuka aliyevuka Rufiji na aliyemzika nduguye. Zote zina kichwa kilekile cha mfalme. Nikamwambia sijui.