Plasta Kwenye Jicho la King'amuzi

Saa nne asubuhi, Mama Mikanda amepiga magoti nyuma ya runinga ya jirani yake, tochi mdomoni, nyaya tatu mkononi: nyekundu, nyeupe, njano. King'amuzi kimeandika kwa majivuno: "Kipindi hiki hakirekodiwi."

"Kuandika si kazi," anasema fundi huyu wa miaka hamsini na mbili, akiitoa tochi. "Tutaona."

Jirani ni muuguzi. Leo saa kumi alasiri bintiye anashindana kwenye chemsha bongo ya shule, na kipindi hakirudiwi. Saa hiyo mama atakuwa zamu wodini.

"Mahafali yake niliyakosa, dada. Na hili tena?"

Kituo cha runinga hutuma alama pamoja na picha, ikikiamuru king'amuzi kisihifadhi kitu. Mama Mikanda havunji kufuli. Anaunganisha deki yake ya kanda, kongwe kuliko alama yenyewe na isiyoitambua, nayo inameza chochote kinachopita kwenye waya.

Duka alilofanyia kazi lilipofungwa, deki kumi na moja zilitupwa jalalani. Aliziokota zote. Mtaa mzima ulimcheka. Leo mtaa huohuo unabisha hodi.

"Usije ukakamatwa," anaonya mume wa muuguzi.

"Watakukuta umekalia ushahidi, shemeji!" Mama Mikanda anachomoa kanda aliyoikalia mume yule. "Kuuza nakala ni wizi, siuzi. Lakini kutazama jioni ulichokosa mchana, nyumbani kwako, nani kaibiwa?"

Ana kovu lake. Mwaka jana alirekodi fainali ya mpira. Baba mkwe akabadili chaneli, deki ikarekodi dakika tisini za kilimo cha vitunguu. Tangu hapo hubandika plasta nene kwenye jicho la king'amuzi, rimoti isifue dafu.

Saa moja jioni muuguzi anaingia na sare yake. Kanda inazunguka. Bintiye yumo, anajibu swali la mwisho, ukumbi unalipuka. Muuguzi anashika mdomo.

"Rudisha nyuma, dada. Tena."

"Saa kumi na nusu nilibonyeza rimoti nitafute mpira, wee," mume anakiri. "Nikadhani betri zimekufa."

Mama Mikanda anacheka hadi machozi. Kesho anapeleka kwenye kituo cha runinga barua yenye sahihi sitini na mbili za majirani: vipindi vya watoto vifunguliwe, wazazi wa zamu wavirekodi.

"Watakubali, na wao wana watoto," anasema akikunja nyaya. "Wakichelewa, plasta ninazo boksi zima."