Alama ya Tanga Chini ya Pasi

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Mashua aliipata Kwai, kwenye nyumba ya zamani ya shamba iliyokuwa ya Wazungu, alikoitwa kubadilisha kenchi za paa zilizoliwa na mchwa. Ilikuwa darini, imelazwa kifudifudi juu ya mbao, na wenye nyumba walitaka itoke tu. Akaileta nyumbani juu ya fuso la kabeji.

Huku kwetu Lushoto maji yapo ya kunywa na ya kumwagilia karoti. Ya kuelea mashua hakuna. Watu walisimama barabarani kumtania.

"Fundi, gharika ni mwezi gani, nasi tuvune mapema?"

"Hata ikija, wewe huna nafasi. Imeshajaa."

Aliiweka kwenye karakana yake, kwenye kiwanja cha familia yao. Haikuwa kubwa, mtu mrefu akilala ndani anabakiza nafasi ya kapu. Pua yake ilikuwa butu, kama imekatwa kwa msumeno. Alipapasa maungio yake kidole kwa kidole na kusema aliyechonga hakuwa fundi, alikuwa mtu mwenye subira. Tangu siku hiyo akataka kujua ni mashua ya aina gani.

Jirani yetu ni mwalimu wa sekondari, mwanamke mpole, anajua Kiingereza. Alimtafutia kwenye simu. Wakakuta kuna watu ng'ambo wanaotafuta mashua ndogo za tanga zilizosahaulika, wanaandikiana na kutumiana picha. Kumbe mashua hizi zina aina, kama mishono ya magauni. Mtu anachora aina moja, wenzake wanachonga za kufanana ili washindane bila kuoneana, na kila aina ina alama yake inayoshonwa kwenye tanga. Nyingine zilienea. Nyingine ziliishia kwenye ziwa moja, waliozichonga wakafa, na zikafa nao. Mzee mmoja wa huko alimjibu mume wangu upesi: tuma picha ya alama iliyo kwenye tanga.

Tanga lilikuja na mashua, ndani ya mfuko. Lilikuwa la pamba nzito, jeupe lililogeuka rangi ya chai. Jibu la mzee lilipofika, mimi nilikuwa nimeshalikata.

Mimi ni fundi cherehani. Niliona kitambaa kigumu kimekaa mfukoni tangu mavuno, nikakiona ni mali inayooza. Nilikata mifuko ya kubebea mboga, nikaiuza yote. Alama ilikuwa kiraka chekundu. Niliifumua bila hata kuitazama vizuri, nikaitumia kwa mifuko ya kaptula za shule. Kile kipande cha tanga kilichokuwa na alama kilibaki na matundu ya sindano, hakikufaa kuuzwa. Nikakitandika kwenye meza yangu ya kupigia pasi, juu yake blanketi, juu ya blanketi shuka.

Mume wangu alipouliza, nilisema panya wameliharibu, nimetupa. Nilisema nikiwa nakanyaga cherehani, sikusimamisha hata mguu.

Hakugomba. Alisema alilichungulia mara moja tu, siku aliyolileta, limetoka nusu mfukoni. "Nadhani ni ndege," akasema. "Ndege mwekundu, mdomo mrefu."

Hapo ndipo walipoanza ndege. Mwalimu akaandika ndege, mzee akatuma orodha ya aina zenye alama za ndege, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyofanana na mashua yetu. Mume wangu alinunua daftari akawa anachora. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alimletea kalenda ya zamani yenye picha za ndege ili imsaidie kukumbuka. Ilienda hivyo miaka. Kila Jumapili nilimpigia pasi shati la kanisani juu ya meza ile, yeye amesimama kando na fulana, ananisimulia habari za ndege. Ningeweza kusema siku yoyote. Sikuwa namwogopa, hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Ilikuwa kwamba nimeshachelewa, na kila Jumapili nilikuwa nimechelewa zaidi.

Alipolazwa hospitali, siku mbili kabla hajafa, alinishika mkono akaniambia, "Korongo. Sikumtaja korongo. Mwambie mwalimu." Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia chochote kingine.

Mwaka huu shemeji alikuja kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa na kuiweka kofia gotini. Karakana imepata mpangaji, mfanyabiashara wa mbao za Shume, anaitaka Jumamosi.

"Randa na misumeno nitakuhifadhia, shemeji," akasema. "Ila lile lidude nitalipasua, tufanyie banda la kuku. Wewe mwenyewe unaona halina kazi."

"Nipe mpaka Jumamosi nijue ni mashua gani."

"Ndugu yangu alitafuta miaka. Wewe utajua kwa siku nne?"

Nikasema ndiyo. Alinitazama kama mtu anayetazama msiba ukimchanganya mwenziwe akili.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikatoa shuka, nikatoa blanketi. Kipande kilikuwa kimegeuka kahawia, kimeungua sehemu mbili kwa makaa yaliyowahi kudondoka kutoka kwenye pasi. Nilikipeleka dirishani. Fundi cherehani anaona kitu ambacho wengine hawaoni: uzi ukitoka, tundu linabaki, na kwenye kitambaa kizito halizibi hata kwa pasi. Nilikitandaza mezani, nikachukua chaki yangu ya kuchorea nguo, nikaanza kufuata tundu kwa tundu. Nilikuwa na hasira, nikikosea nafuta na kuanza tena. Mgongo wa ndege ulitokea. Mdomo mrefu ulitokea, kama alivyosema, ncha yake ikapotelea palipoungua. Halafu mstari ukapinda mahali ambapo ndege hapindi, ukazunguka juu, ukarudi chini. Mkono. Kifuniko. Kitako kipana.

Lilikuwa birika. Birika la chai.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikikunja kile kipande nusu, kama alivyokiona yeye siku ile, na kweli, ukikikunja ni ndege. Hakuwa mjinga wala hakuota. Angelikunjua siku moja tu, angeona. Na lingekuwepo la kukunjua kama si mkasi wangu.

Nilimpelekea mwalimu, akakipiga picha na kuituma. Jibu halikuchukua hata siku mbili. Miaka yote ya ndege, kisha siku mbili. Mwalimu alinisomea kibarazani, sentensi kwa sentensi, akiitafsiri.

Mzee alisema anaijua alama hiyo kwa kusikia tu. Waliochonga mashua hiyo ni walimu wa shule moja kando ya ziwa dogo, wachache, na michoro yao ilipotea. Yeye hajawahi kuiona hata moja. Waliiita Birika, kwa sababu aliyeichora alisema inatosha watu wawili na birika lao la chai. Akaomba vipimo vyote, tafadhali, kabla haijaharibika.

"Mama, umeipata," mwalimu akasema. "Angefurahi sana."

"Angefurahi," nikasema. Nilitaka aondoke.

Ijumaa nilikwenda karakana na futi yangu ya kupimia nguo, nikaipima mashua kama ninavyompima mtu, kifua, kiuno, urefu. Nikaandika kwenye daftari lake, ukurasa unaofuata korongo. Alikuwa amemchora yule korongo hospitali, miguu haijamalizika.

Jumamosi shemeji akaja na vijana wawili wenye msumeno. Nikawaomba wangoje nje. Nikamwonyesha kipande, nikamwambia yote: kukata, panya, Jumapili, korongo.

Alikigeuza kile kipande mkononi.

"Kwa hiyo alikufa anatafuta ndege."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua hakuna panya."

"Nilikuwa najua."

"Hukumwambia hata hospitali."

"Sikumwambia."

Akageuka upande. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Akasema tu, "Na mimi nikamletea kalenda." Kisha akawaita wale vijana. "Msumeno urudi nyumbani. Hii ibebeni mkaiweke kwa shemeji, kibarazani. Taratibu na hiyo pua."

Tangu siku hiyo hajanitembelea. Tukikutana kanisani namwamkia, anaitikia, anapita.

Mashua iko hapa ninaposhonea. Imechukua kibaraza chote, wateja wanapita upande. "Fundi, hii nini?" Nawaambia ni Birika, wanacheka, wananipa kipimo cha gauni. Nimeshalitaja jina hilo kwa watu wengi sana. Linanikera kila ninapolitaja, kwa kuwa najua ni nani lilipaswa kufika kwake.

Wiki hii nilinunua kitambaa chekundu. Nimekata birika, nalishona juu ya kipande kile kwa mkono, sindano ikipita kwenye matundu yaleyale. Kitako kimekaa, mkono umekaa, kifuniko kimekaa. Mdomo ndio unaoniudhi. Pale nchani ndipo makaa yalipounguza, matundu yameliwa, na sina cha kufuata. Nikiushona juu unakuwa wa birika lingine, nikiushona chini unakuwa wa ndege. Nimeufumua mara tatu. Leo nimeufumua tena.