Nyangumi wa Mto wa Mchanga

Enzi zetu, nyangumi tulimtafuta kwenye mchanga mkavu. Wenzangu mliosomea pande za Kathonzweni hamtashangaa, maana mnajua mto wetu ulivyokuwa: mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, maji yamejificha chini, ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato. Lakini watoto wangu nikiwasimulia hucheka hadi wanashika mbavu. Wao wakitaka nyangumi hubonyeza simu, anaruka, amekwisha, wanatafuta video ya paka.

Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Kavindu, aliwahi kufanya kazi Pwani na watu wanaofuatilia nyangumi na pomboo. Alipoletwa shuleni kwetu alianzisha klabu, akatuahidi kwamba likizo ya Agosti, nyangumi wanapopita karibu na nchi kavu, angetupeleka tukawaone. "Lakini sipeleki watoto wasiojua kuangalia," akasema. "Mtakaa kwenye mashua mkibishana, nyangumi apite nyuma yenu."

Basi jioni baada ya masomo alituketisha juu ya mwamba kando ya mto. Kila mmoja alipewa kipande chake cha mchanga, kutoka mti huu hadi jiwe lile. Unaanza karibu, unapeleka macho polepole kama anayefagia kiwanja, kisha unasogea mbele kidogo na kurudi. Hukodolei mahali pamoja, kwa sababu macho yakichoka huanza kukudanganya. Wala humtafuti nyangumi mwenyewe. Unatafuta kitu ambacho hakikuwepo ulipopita mara ya kwanza: mvuke wa pumzi yake, ndege waliokusanyika, maji yaliyogeuka rangi. Ukikiona, unasema ni wapi, ni mbali kiasi gani, na umeona nini. Ulichoona, si ulichodhani. Si kazi ngumu, hata wewe unaweza. Inataka tu utulie, na hapo ndipo wengi wetu tulishindwa.

Susu, bibi yangu, alikuwa akipita na punda wake wa maji na kutukuta tumenyamaza kama mawe. "Mwalimu, hawa wameadhibiwa?"

"Hapana, mama. Wanatafuta nyangumi."

"Haya. Wakimpata, aniletee mitungi miwili."

Nyangumi wetu alikuwa mmoja wetu. Mto ulijaa visima, yale mashimo ambayo akina mama huchimba mchangani ili kuchota maji. Mmoja alijificha ndani ya kisima kilichokauka, na kila baada ya muda akarusha konzi ya mchanga juu. Hiyo ndiyo pumzi. Sisi tulipaswa kuiona. Na nyangumi hakuruhusiwa kutoka hadi mwalimu ashuke na kumgusa bega, hata tumwite vipi, maana nyangumi haji kwa kuitwa. Susu sheria hiyo aliipenda kwa sababu zake. Alikuwa akituambia, "Ukiwa ndani ya kisima ukisikia jina lako, usiitike. Mto nao una sauti."

Siku moja nyangumi alikuwa Mwende, binti wa shangazi yangu. Mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu hata moja. Mwende alirusha mchanga mara moja, tukauona, tukatulia. Kisha konzi nyingine ikaruka, lakini mbali sana, kwenye kona ya juu ya mto.

Kyalo, aliyekaa karibu nami, akacheka. "Nyangumi amehama!"

Kile kipande cha kona kilikuwa changu. "Vumbi," nikasema. "Kona ya juu. Hakuna mtu." Nikaongeza kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa: "Ndege hawapo."

Ndipo sote tukatambua kwamba hapakuwa na sauti ya ndege popote. Upepo baridi ukatufikia, na ndani yake harufu ya udongo uliolowa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, upande wa Nunguni, mahali tusipoona. Mto ulikuwa unakuja.

Tulipiga kelele. "Mwende! Toka! Maji!" Kutoka kisimani ikaruka konzi ya mchanga, kisha nyingine, kwa furaha. Alidhani tunamjaribu. Tulipozidi kumwita ndivyo alivyozidi kujikunja. Mwalimu Kavindu alivua viatu, akakimbia juu ya ule mchanga unaozamisha miguu, akaruka kisimani na kumgusa bega. Hata wakati ule alimgusa bega kwanza, ndipo akamvuta. Walipofika ukingoni, maji ya rangi ya chai yalipita juu ya kisima yakibeba miti mizima, na kisima hakikuonekana tena.

Mwende hakulia. Aliuliza tu, "Nani alikuwa chini yangu?"

"Chini wapi?"

"Chini ya mchanga. Alikuwa anapumua. Kabla hamjaniita."

Agosti tulikwenda. Tuliangalia bahari kama tulivyoangalia mchanga, kila mmoja na kipande chake, na nyangumi alipotoa pumzi karibu na mashua, ile sauti nzito, ndefu, watoto wote walishangilia. Mwende alinishika mkono. "Ni hiyo," akaninong'oneza.

Leo mto ule si wetu tena. Malori yamezoa mchanga hadi yameufikia mwamba, na maji ya mvua hupita mbio bila kuacha hata tone la kuchota. Tulikuwa na kitu cha kutazama ingawa kilikuwa kitupu. Watoto wetu wana kila kitu cha kutazama na hawana subira ya kukitazama. Krismasi iliyopita mimi na Mwende tuliwapeleka watoto wetu kuonyeshwa mahali pale. Kisima kilipokuwa pana mwamba mtupu sasa, mzima, usio na ufa wala pango. Hakuna mahali ambapo kitu chochote kingeweza kulala.

Watoto walipiga picha wakachoka. Mwende alipiga magoti, akalaza sikio juu ya mwamba, akainua mkono ili tunyamaze. Tukanyamaza, hata watoto. Mimi sikusikia kitu. Lakini mkono wake haukushuka.