Nilinunua baiskeli isiyopumzisha miguu, nikamsalimia baba wa mchumba wangu huku nampita

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Juzi kuna mdau humu jukwaani aliuliza anunue baiskeli gani ya single speed, yaani ya gia moja, ya bei nafuu, iliyo tayari kuendeshwa, ya kukatizia mjini kwenda kazini. Akajibiwa na watu wengi, kila mtu na lake. Mmoja akamwambia achukue fixed gear, eti ni nyepesi na haina mambo mengi.

Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kuna nini. Sikumwambia, maana kisa chenyewe kina mwanamke mwingine ndani yake.

Nakisimulia hapa kama kilivyotokea. Hii sio chai, ni kweli tupu. Mwenye kubisha abishe, ila aniache kwanza nimalize.

Ilikuwa Mwanza, miaka ya tisini, enzi za ruksa. Wale wa umri wangu wanajua. Miaka ya nyuma yake ukitaka baiskeli mpya ulikuwa unangoja mgao, unajuana na mtu. Halafu ghafla vitu vikafunguliwa. Radio, viatu, suruali za kizungu, mabaiskeli, kila kitu kimemwagwa chini kwenye turubai unachagua mwenyewe.

Shida ikawa ni huko kuchagua. Sisi hatukuzoea kuchagua, tulizoea kupata.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, napanga chumba Mabatini. Nilikuwa na mchumba anaitwa Kabula, anajifunza ushonaji mjini, kwao Buzuruga. Buzuruga ya wakati ule msiione kama hii ya sasa yenye stendi na kelele. Palikuwa na mihogo, ng'ombe, na miji ya watu imezungushiwa ua wa minyaa.

Binamu yangu Deus, mtu mzima mwenye familia yake, ndiye alikuwa mshenga. Alishapeleka maneno ya kwanza kwa baba yake Kabula, Mzee Shigela, na mzee akasema sawa, mleteni huyo kijana Jumapili fulani nimwone.

Nikajisemea siwezi kwenda kwa watu kwa miguu kama nimefukuzwa. Kijana anayetaka kuoa bila baiskeli alikuwa anaonekana bado hajaanza maisha.

Basi nikaingia sokoni. Wakuu, nilichanganyikiwa!

Kulikuwa na ile nyeusi ya Kihindi, bomba mbili, nzito, inabeba gunia la mpunga bila kulalamika. Lakini mfuko wangu ulikuwa hauifikii. Kulikuwa na ya Kichina, nzuri, inang'aa, kengele yake inalia vizuri. Hiyo nilikuwa naifikia kwa kukopa, na mimi kukopa sipendi. Halafu pale Mlango Mmoja kwenye mitumba nikaiona yenyewe.

Nyembamba. Rangi ya bluu ya anga. Unainyanyua kwa mkono mmoja. Mpini umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Nikaipenda hapo hapo, sitawaficha.

Nikamuuliza muuzaji, "Breki ziko wapi?"

Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, hii ni ya mashindano. Breki ni miguu yako mwenyewe. Ulaya wanatembelea hizi."

Sasa wewe wa Mabatini utabishana na Ulaya? Nikalipa.

Kwa wasiojua, ngoja niwaeleze kidogo. Baiskeli ya kawaida ina friwili. Ukiacha kukanyaga, tairi inaendelea, miguu inapumzika, unasikia tu ile tik-tik-tik kule nyuma. Hii haikuwa na friwili. Tairi ikizunguka na pedeli zinazunguka, utake usitake. Kwenye mteremko wewe huendeshi tena, wewe ndiye unaendeshwa.

Fundi wa kwanza akaniambia friwili imekufa, imeng'ang'ania. Nikampelekea wa pili, akasema haijafa, haijawahi kuwepo. Wa tatu akasema friwili zetu haziingii kwenye kitovu cha hiyo tairi, na fremu haina hata tundu la kufungia breki. Halafu akaniuliza, "Hivi ni baiskeli kweli au ni kipande cha mashine nyingine?"

Mpaka hapo nilikuwa sielewi kama nimepata dili au nimepigwa.

Lakini tambarare ilikuwa raha jamani! Asubuhi naenda kiwandani napita watu kama upepo. Kusimama ndiko kulikuwa na kazi. Nilikuwa nalegeza mwendo mapema mno, au natafuta kilima, au nashika mti.

Sasa ikafika Jumamosi, siku moja kabla ya kupelekwa ukweni. Nikasema ngoja niende upande wa Buzuruga nikaijue njia, kesho nisije nikaaibika.

Hapo lazima niseme jambo la kwetu, maana vijana wa siku hizi mnapita tu. Kwetu ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na wazee njiani, unashuka. Huwasalimii ukiwa juu. Unashuka kabla hujawafikia, unaisukuma, unainama kidogo, unatoa shikamoo, unangoja marahaba, unaulizwa habari za nyumbani. Ukishapita ndiyo unapanda tena. Hata kama una haraka ya kupeleka mgonjwa, unashuka, unaeleza mgonjwa yuko wapi.

Kabla ya kwao Kabula kuna mteremko. Siyo mkubwa, ila mrefu. Nikauingia vizuri tu, nalegeza kwa miguu. Katikati miguu ikachoka. Pedeli zikaanza kunizungusha. Nikitoa mguu nikanyagie tairi kwa soli ya katambuga, pedeli inanipiga kwenye ugoko. Nikarudisha.

Ndipo nikaona mbele yangu wazee watatu wanatembea taratibu, fimbo mkononi, wanaongea.

Wa katikati alikuwa Mzee Shigela. Nilikuwa namfahamu kwa sura, Kabula alishanionyesha kwa mbali.

Mungu wangu!

Nikajaribu kushuka, haishukiki. Nikajaribu kukata kushoto, kuna mtaro. Nikaona basi, angalau salamu isikose. Nikapaza sauti, "Shikamooni wazeee!"

Mmoja akarukia kwenye majani. Mzee Shigela alisimama palepale, akanigeukia, akanitazama kuanzia usoni mpaka miguuni. Na miguu yangu, wakuu, ilikuwa inazunguka kama cherehani.

Marahaba sikuisikia. Sijui kama ilitoka.

Nilikuja kusimama kwenye shamba la mihogo la mtu.

Jioni ile ile Deus akaja chumbani kwangu, hata kukaa hakukaa. "Umefanya nini wewe? Mzee kaniita. Anasema kijana wako anatusalimia huku anatukimbia. Tena anasema, laiti ungeacha tu kukanyaga angejua una dharura. Anasema ulipowaona ndiyo ukazidi kukanyaga!"

"Sikukanyaga mimi! Ni baiskeli!"

Deus akasema, "Sikiliza. Kesho tunaenda na mbuzi. Unapiga goti, unasema nimekosa, mimi ni mtoto. Yanaisha. Wazee hawa hawana neno, wanataka tu uonekane umelelewa."

Huo ulikuwa ushauri wa mtu mwenye akili timamu. Lakini mimi nina tabia moja, na mke wangu wa sasa ni shahidi. Siwezi kukiri kosa ambalo si langu. Hasira zikanipanda. Kwamba mimi, mtoto wa marehemu mama yangu aliyenifundisha kusalimia hadi vichaa, leo niitwe sina adabu?

Nikamwambia Deus, "Mbuzi apumzike. Kesho naenda na baiskeli. Mzee ataona kwa macho yake."

"Usiende nayo."

"Naenda nayo."

Jumapili baada ya ibada tukafika. Niliisukuma njia nzima, sikuipanda hata hatua. Tukakaribishwa viti chini ya kivuli cha nyumba. Mzee Shigela alikuwa mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mtulivu, haongei haraka. Nikapiga goti nikatoa shikamoo ya heshima zote. Akaitika vizuri. Nikapata nguvu.

Deus akaanza kuzunguka na maneno ya ushenga. Nikamkatiza. Najua, msinitukane.

"Baba, naomba nikuonyeshe kitu."

Nikaileta baiskeli mbele yake. Nikanyanyua tairi ya nyuma nikaizungusha kwa mkono. Pedeli zikazunguka. Nikashika pedeli, tairi ikakwama. "Umeona baba? Haina breki. Na miguu haiachii. Mimi jana nilitaka kushuka, yenyewe ikakataa."

Mzee akainuka. Akaichukua, akaisukuma uwanjani huku anaangalia zile pedeli zinavyojizungusha bila mguu wa mtu. Akaenda nayo mpaka kwenye minyaa, akarudi. Akacheka hadi akajifuta machozi.

"Ni kweli," akasema. "Kumbe hukutukimbia. Ulikuwa huwezi kusimama."

"Ndiyo baba!"

Nikamgeukia Deus kumwonyesha kwamba haki imeshinda. Deus alikuwa anaangalia chini.

Mzee akakaa. "Sasa kijana wangu, siku unainunua, ulijua kwamba haina breki?"

"Nilijua baba, muuzaji aliniambia."

"Na ulijua kwamba haipumzishi miguu?"

"Mafundi waliniambia baada ya siku chache."

"Na bado ukaja nayo kwenye mteremko wenye watu."

Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

Mzee akasema taratibu, bila ukali wowote, "Mimi tangu jana nilidhani huna adabu. Nikawaambia wenzangu, huyu bado mtoto, adabu tutamfundisha. Leo umenionyesha adabu unayo. Tatizo ni akili, na hiyo, ng'wanawane, mwanangu, mimi nikutafutie wapi? Binti yangu nikimkabidhi kwako, siku mkifika mteremkoni itakuwaje?"

Wakuu, nilikuwa nimeshinda kesi nikafungwa!

Halafu kwa ustaarabu wao wakatuletea michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando. Tukala. Deus alikula kama mtu aliye msibani. Hakuna aliyetaja uchumba tena, ikazungumzwa mvua na bei ya pamba hadi tukaaga.

Kabula alinisindikiza hadi barabarani. Mimi njia nzima nalalamika. Nasema baba yako kanikosea, nimemletea ukweli kanihukumu kwa ukweli huo huo, ningedanganya na kupeleka mbuzi leo tungekuwa tunapanga mahari, hiyo ni logic gani?

Tulipofika barabarani akashika kiti cha ile baiskeli. Akapitisha mkono pale nyuma yake, kwenye tairi tupu.

"Nikuulize?" akasema.

"Uliza."

"Siku ile unaichagua, mimi ulinipangia kukaa wapi?"

Nikaangalia. Haikuwa na keria. Nilikuwa nimekaa nayo siku zote zile, naisifia ilivyo nyepesi, na sikuwahi kuona kwamba haina keria. Baiskeli nimenunua kwa ajili ya kuoa, na haina pa kumweka mke!

Nikasema tutafunga keria. Akasema, "Sawa." Akaniaga, akarudi ndani ya minyaa.

Haikuwa sawa. Deus alijaribu kurudi kwa mzee mara kadhaa, na mwishowe mbuzi alienda kweli, ila alienda amechelewa. Kabula aliolewa na mtu wa Sengerema, fundi cherehani. Niliumia sana, sina haja ya kujifanya mwanaume hapa. Kuna kipindi nilikuwa kila nikiona kivuko cha Busisi, cha kwendea Sengerema, nageuza uso.

Somo, kwa yule mdau wa juzi: kabla hujauliza bei, uzito au gia, uliza nani atakaa nyuma. Kama hakuna, nunua unayotaka, ila breki iwepo. Na ukweni ukiambiwa umekosa, toa mbuzi. Ukweli una gharama kuliko mbuzi.

Ila mimi hadi leo nimechanganyikiwa wakuu, na ndiyo maana nimeleta uzi huu kwenu. Deus anasema mke nilimkosa kwa ubishi. Mzee alisema ni akili. Ukinikuta na watu nitakwambia ni yule muuzaji wa mitumba. Lakini nikiwa peke yangu najua Kabula angenivumilia ubishi, na akili angenikopesha ya kwake. Alichotaka ni kuona kwamba siku ile sokoni, katikati ya vyuma vyote vile, nilimkumbuka.

Nyie mngekuwa mimi mngeikata vipi kesi hii? Njooni na comments, hata za kunisema nitazisoma zote. Ila asije mtu hapa kuniambia Ulaya wanatembelea hizo.