Tebo ya Saba Juu ya Dirisha

Watu wakiniuliza kama masomo ya ziada yanamsaidia kweli mtoto mwenye mahitaji maalumu, nawajibu kwa sauti ya juu, maana swali lenyewe linanichoma. Njooni kijijini kwetu Susuni, nawaambia, mje muone ukuta.

Binti yangu ana uoni hafifu. Ukisimama karibu anakuona, lakini maandishi ya ubaoni kwake ni ukungu mtupu. Alifika darasa la nne hivyo hivyo, wenzake wakinakili, yeye akichezea kalamu. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kistaarabu kwamba likizo ikiisha atampima mwenyewe kusoma na hesabu, na akishindwa atarudishwa darasa la pili. Mtoto alikuwa amesimama pale pale anasikia. Tukiwa njiani akasema, "Mama, wakinirudisha kwa watoto wadogo, mimi na shule basi." Nikajua hatanii. Huyu kanirithi mimi, akisema basi ni basi.

Likizo hiyo mwalimu wa elimu maalumu kutoka shule ya jirani akawa anakuja kwetu kila Jumamosi kwa baiskeli. Dada yule ana maneno machache, na uvumilivu ambao mimi sikujaliwa. Alilitazama daftari la mtoto, akalifunga. "Hapa ni padogo mno, mama. Nipe ukuta."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa nyumba ya mama mkwe wangu, ile ya udongo inayotazama zizi. Akaandika kwa mkaa, herufi na tarakimu kubwa kama sahani. Maneno ya kusoma yakakaa kando ya mlango, tebo ya saba juu ya dirisha, tebo ya nane upande wa jikoni. Siku za katikati mwalimu nilikuwa mimi. Nikitoka kupalilia mihogo tunasimama pale mpaka ng'ombe warudi. Nilifoka, nikamwomba radhi, nikafoka tena. Majirani wakawa wanapita wakicheka, eti siku hizi hapa ng'ombe nao wanasoma. "Nafasi zipo," nikawajibu, "njooni na nyie muandikishwe!"

Sasa, Jumapili ya mwisho wa likizo walikuwa wanakuja wakwe kuzungumza posa ya wifi yangu, na kesho yake, Jumatatu, ndiyo mtoto anapimwa. Jumamosi nikaenda mashineni kusaga mtama na muhogo wa ugali wa wageni. Kurudi, namkuta mama mkwe kwenye kona ya mwisho, mikono imejaa udongo na mavi ya ng'ombe. Ameusiliba ukuta wote. Unang'aa! Hakuna herufi, hakuna saba, hakuna nane.

"Shikamoo mama," nilisema, maana adabu ni adabu hata ukiwa unawaka moto. Kisha nikashindwa kujizuia. "Mama jamani! Umefuta shule yote!"

"Ulitaka wakwe waje wakute masizi ukutani? Wewe nawe!"

Niliketi chini na mfuko wangu wa unga nikalia, sifichi.

Binti yangu akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa. "Bado mbichi," akasema. Akaingiza kidole kwenye udongo, akaanza kuandika. Akapanda juu ya kigoda, akairudisha tebo ya saba juu ya dirisha, mstari kwa mstari, pale pale ilipokuwa. Akaja kwenye maneno ya mlangoni. Akaenda upande wa jikoni. Hakumuuliza mtu kitu. Mama mkwe aliinua mkono amkataze, akaushusha taratibu. Mwalimu wake alipofika alisimama na baiskeli yake, akaziba mdomo kwa kiganja.

Kesho yake mkwe mmoja akauliza mapambo haya ni ya nini. Mama mkwe, yule yule, akainyoosha shingo. "Kaandika mjukuu wangu. Macho yake hayaoni mbali, lakini kichwa kinaona." Loh! Nilitamani kumkumbatia. Kwetu mama mkwe hakumbatiwi, kwa hiyo nilimmiminia togwa kikombe kikajaa hadi kikamwagika.

Jumatatu mwalimu mkuu alimpa binti yangu karatasi yenye herufi kubwa, kama mwalimu wake wa Jumamosi alivyoomba. Akaisoma yote. Akaulizwa saba mara nane. Mtoto akageuka, akautazama ukuta mtupu wa ofisi, akainua kidole juu ya dirisha.

"Hamsini na sita."

"Nane mara tisa?"

Akageukia upande mwingine. "Sabini na mbili."

Mwalimu mkuu naye akageuka kutazama. "Unasoma wapi wewe? Hapo hakuna kitu."

"Kwa bibi," akasema.

Mwalimu mkuu akacheka, akamwambia arudi darasani kwake, la nne. Nami nikapiga kigelegele humo humo ofisini, na atakayeona aibu aone.